Roketi inaruka Mafia, mtunzi anakaa Mbagala

Swali ninaloulizwa kuliko yote, iwe harusini, iwe kwenye daladala, hata msibani watu wakishamaliza kula, ni hili: hizo hadithi zako za roketi na maroboti, hapa Dar nani anazisoma? Nikijibu kwamba zinasomwa na kwamba kodi ya nyumba kwa sehemu kubwa inatoka humo humo, mtu ananyamaza kidogo alafu anauliza tena kwa upole, lakini una kazi nyingine, si ndiyo? Nimeona bora niandike kwa urefu mara moja, maana kuna vijana wananifuata inbox wanataka kuanza na majibu ya mistari miwili hayawatoshi.

Ninachoamini ni kitu kimoja. Msomaji wa hadithi za sayansi kwa Kiswahili yupo tayari, tena wako wengi, wako kwenye simu zao saa nne usiku wanasoma simulizi za mapenzi, za kijasusi, za majini, na hawajawahi kuikataa sayansi, ni kwamba hawajaletewa. Kazi ya mtunzi anayejitegemea ni kuwapelekea pale pale walipo, kwa lugha wanayoitumia kugombana na kuombana msamaha, sehemu kwa sehemu, na kitabu cha karatasi kije mwisho. Mengine yote nitakayosema hapa yanatoka humo.

Kwanza hili la "sayansi sio mambo yetu" linaniuma sana kwa sababu sio kweli hata kidogo. Tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn akiwa anaizunguka dunia, kimojawapo cha vituo alivyoongea navyo kwa redio kilikuwa Zanzibar. Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga pale Tunguu, kimoja kwenye mnyororo wa vituo vilivyozunguka dunia nzima ili mtu akiwa juu asipotee masikioni kwa muda mrefu, chombo kikitoka Afrika Magharibi kituo cha Kano kinakiachia, Zanzibar inakipokea, alafu inakiachia meli iliyokuwa imetegwa Bahari ya Hindi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Wamarekani wakaondoka na kituo kikafungwa. Sasa we niambie, mtunzi wa Kiswahili anayejua hilo anakosaje hadithi? Mimi nikifikiria tu mtu wa Tunguu aliyekuwa anapita na baiskeli na mzigo wa muhogo, anaona madishi yale yanageuka taratibu kufuata kitu ambacho yeye hakioni, tayari nina sura ya kwanza.

Alafu tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka 7 ya uhuru, ikarushwa setilaiti kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na vipimo vyake vilisaidia sana wanasayansi kuanza kuamini kwamba kile kitu cha angani kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali mpaka hata mwanga hautoki. Sio kitu kidogo. Na huku kwetu, 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki pete, watu walijaa Rujewa kule Mbarali, wanafunzi kwa wazee, wakiangalia juu na vile vioo maalum. Huyo ndo msomaji wangu. Mtu aliyesafiri kwenda Rujewa kuangalia jua atashindwaje kusoma sehemu moja ya simulizi akiwa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara?

Na kubuni dunia nyingine hatujaanza jana. Shaaban Robert 1951 alishatupa Kusadikika, nchi iliyoko angani, na wajumbe wake wanatumwa pande zote mpaka mbinguni na ardhini kwenda kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Kujichapishia nako sio mtindo wa intaneti. Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers hapa Dar akatoa riwaya zake mwenyewe, zile ndogo za kuingia mfukoni, na wazazi wetu walizisoma mpaka kava likachomoka. Kwahiyo kijana akiniambia anataka kuwa mtunzi wa kujitegemea, mi simwoni kama amezua jambo la ajabu, anaingia kwenye kazi yenye wazee wake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe inavyokwenda.

Sehemu za mwanzo za simulizi naziweka bure, Facebook na kwenye chaneli ya WhatsApp, kama tano hivi, mpaka pale hadithi inapokaba shingo. Baada ya hapo anayetaka kuendelea analipia buku mbili kwa simulizi nzima anaingia kwenye grupu. Anatuma kwa lipa namba, anapiga picha ya meseji ya muamala anairusha kwa admin, admin ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja anaangalia jina na kiasi kwenye simu yetu kabla ya kumuunga, haangalii picha peke yake maana picha inaweza kuchezewa. Grupu la WhatsApp mwisho ni watu 1,024, likikaribia kujaa tunafungua lingine. Telegram inabeba wengi zaidi lakini wasomaji wangu wa Mbagala, Tandika na Gongo la Mboto wengi hawapo huko, wana bando la WhatsApp tu, na mimi namfuata mteja, simwambii mteja anifuate.

Sehemu moja inakuwa maneno kama 1,200. Kwenye kitabu aya ya mistari kumi na tano haina tatizo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka kona aya hiyo ni ukuta, mtu anaruka. Kwahiyo aya fupi, mazungumzo mengi, na mstari wa kwanza lazima uanze na kitu kinachotokea kwa sababu WhatsApp inaonyesha mwanzo tu, ule mwingine umejificha mpaka abonyeze kusoma zaidi, na asipobonyeza hapo umemkosa usiku huo. Natuma saa tatu usiku, taarifa ya habari imeisha, watoto wamelala au wanajifanya wamelala. Ikifika saa tatu na robo sijatuma wanaanza, "dada mtunzi tumeshakaa", "admin shusha vitu", "mmetuacha na arosto toka juzi". Hiyo arosto ndiyo mshahara. Mtunzi wa hadithi za sayansi akiweza kumfanya muuza mitumba wa Karume awe na arosto ya kujua kama tangi la oksijeni litashika mpaka asubuhi, ameshinda, na hana haja ya kubembeleza mtu yeyote kuhusu sayansi.

Malipo yanakuja kwa kalenda ya mishahara. Kuanzia tarehe 25 mpaka kama tarehe 5 watu wananunua, katikati ya mwezi wanasoma za bure na kuweka ahadi. Kwahiyo simulizi mpya nazianza tarehe 15 hivi, sehemu za bure zinatembea siku ambazo watu hawana hela na ile ya kulipia inafika mshahara ukiwa umeingia. Hakuna aliyenifundisha hili darasani, ni kuangalia tu daftari la miamala, na namshauri kila anayeanza awe na daftari, sio kichwani.

Ngoja nikueleze simulizi moja kwa undani maana ndiyo iliyonifungulia njia. Inahusu kituo cha kurushia roketi kisiwani Mafia miaka kadhaa ijayo, na binti wa Kilindoni anayeitwa Mwanahawa, fundi wa mitambo, anayekwenda kufanya kazi sayari ya Mirihi, ile Mars. Kwanini Mafia? Kwa sababu ya fizikia. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ardhi inakwenda kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaondoka na mwendo huo tayari, bure, na kadiri ulivyo karibu na ikweta ndivyo zawadi inavyokuwa kubwa. Dar ipo chini kidogo ya digrii 7 kusini, Mafia iko karibu na 8, bado tunapata karibu mwendo wote. Na mashariki ya Mafia ni bahari tupu, kile kipande cha kwanza cha roketi kikiisha mafuta na kudondoka hakimdondokei mtu. Waitaliano walikwenda kukaa Malindi kwa hesabu hizo hizo.

Nilipoiweka sehemu hiyo, mvuvi mmoja wa Mafia akanitumia voice note ndefu. Akaniambia, dada yangu, hiyo bahari unayoita tupu sisi tupo humo. Akanieleza usiku wa giza wanavyotoka na taa kuvua dagaa, boti zinakaa wapi, na kwamba kusi ikichachamaa hakuna mtu mwenye akili timamu anayekwenda nje, kwahiyo kama serikali ya kwenye hadithi yangu ina busara itarusha roketi zake wakati huo ambapo wavuvi wako nchi kavu, lakini hapo tena upepo wenyewe unaweza kuizuia roketi, na kaskazi ikitulia bahari inafaa kurusha lakini ndo imejaa watu. Unaona? Hapo mgogoro mzima wa simulizi umezaliwa. Wahandisi wanataka kaskazi, wavuvi nao wanataka kaskazi, na papa potwe nao wapo Mafia miezi hiyo hiyo, Oktoba mpaka Machi, na watalii wao. Baba yake Mwanahawa nikamfanya mvuvi wa dagaa. Binti anarusha roketi kwenye bahari ya baba yake. Sidhani kama ningekaa peke yangu na laptop ningeipata hiyo.

Jambo la pili lililowashika wasomaji ni mawasiliano. Kutoka duniani mpaka Mirihi ishara ya redio inachukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari zimekaaje, kwenda tu, bado kurudi. Hakuna namna ya kupiga simu. Filamu nyingi zinalikwepa hili, mimi nililikumbatia kwa sababu sisi ni watu wa voice note. Mama mtu, Bi Tatu, yuko Kilindoni anakaanga vitumbua na simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari:

"Mwanahawa mwanangu, nakusalimia. Najua mpaka uipate hii nitakuwa nimeshaepua, basi nakujibu kabisa na ambayo hujauliza. Baba yako mguu umepona. Ndiyo, amerudi baharini, usianze kulia. Shangazi yako amekuja na lile neno lake la mchumba nikamwambia asubiri dakika ishirini na mbili nikuulize, akaondoka kwa hasira. Umekula? Usinijibu umekula kama hujala, nitakusikia kwenye sauti hata ikichelewa."

Hicho kipande kimesambazwa sana, mpaka leo kuna watu wananisalimia kwa "umekula?" na wengi wao hawajui na hawana haja ya kujua kwamba wamesoma somo la kasi ya mwanga. Mama wa Kiswahili anayejibu maswali ambayo hayajaulizwa, hiyo ndiyo sayansi yenyewe, imekaa ndani ya mtu.

Alafu mzee mmoja wa Tanga, ananiita binti yangu na mimi namwamkia shikamoo kila sehemu, akauliza kwenye grupu: huyu Mwanahawa akiwa Mirihi anaswali kuelekea wapi? Grupu likachemka usiku kucha. Bahati nzuri swali hilo lilishakuwa na watu wake, maana mwaka 2007 mwanaanga Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alikwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa ikiwa Ramadhani, na baraza la fatwa la nchi yake likatoa mwongozo: aelekee Al-Kaaba kama inawezekana, isipowezekana aelekee usawa wa Al-Kaaba kule juu, isipowezekana aelekee dunia, na isipowezekana aelekee popote. Nikaandika sehemu nzima Mwanahawa anatafuta dunia kwenye anga la Mirihi kabla ya alfajiri, na siku ya kule ina saa 24 na dakika kama 39, kwahiyo saa yake ya swala inateleza kila siku dhidi ya saa ya mama yake. Yule mzee akaniandikia "Allah akuzidishie elimu". Nimeihifadhi.

Kule Marekani kuna Andy Weir, alikuwa programa wa kompyuta, aliweka riwaya yake ya mtu aliyeachwa Mirihi sura kwa sura bure kwenye tovuti yake, wasomaji wanamrekebisha kemia na hesabu njiani, mpaka 2011 walipomuomba aiweke Kindle, kule Amazon wanakouza vitabu vya elektroniki, akaiweka kwa senti 99, bei ya chini kabisa aliyoruhusiwa. Baadaye ikawa filamu. Namtaja sio kwa ajili ya filamu. Namtaja kwa sababu ya wale wasomaji waliokuwa wanamkagua. Mimi nina mwalimu wa fizikia wa sekondari Mbeya ambaye kila sehemu yenye namba anaipata siku mbili kabla ya wengine, anakagua, na jina lake litakuwepo kwenye ukurasa wa shukrani wa kila kitabu nitakachotoa kama mwenyewe ataridhia. Ukianza, mtafute mtu wa namna hiyo kabla hujatafuta mchoraji wa kava.

Kitabu cha karatasi kinakuja simulizi ikishaisha na kusafishwa. Hapa ndipo hela inapotoka kabla haijaingia. Mhariri kwanza, na mhariri alipwe, simulizi ya grupu ina marudio mengi ya "tuliishia pale ambapo" ambayo kitabuni yanachosha. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu barabara ya Bibi Titi Mohamed, ndiyo maana vitabu vingi vya Tanzania ukivigeuza nyuma unakuta baada ya 978 kuna 9987 au 9976. Kuchapa kuna njia mbili. Ya dijitali inafaa nakala chache, bei ya nakala moja iko juu lakini huhitaji mtaji mkubwa. Ya ofseti gharama kubwa iko kwenye kutengeneza sahani na kuandaa mashine, ukichapa mia au elfu sahani ni zile zile, kwahiyo kadiri nakala zinavyoongezeka bei ya moja inashuka, na kurasa zinapangwa kwa mafungu ya 16, ndo maana fundi wa Kariakoo atakwambia ukipunguza kurasa tatu utaokoa fungu zima. Msikilize, anajua. Ndani tumia wino mweusi tu, kava rangi zote, na usibane maandishi ili upunguze kurasa, kuna wasomaji wangu wa miaka hamsini na zaidi na taa za chumbani zetu tunazijua.

Sichapi kabla ya oda. Grupu linalipia mapema, hela hiyo ndiyo inakwenda kwa mchapaji. Wa Dar wanapelekewa na boda, wa mikoani nafunga bahasha nampelekea mtu wa basi stendi ya Magufuli, jina na namba ya simu kwa maka nyeusi juu, mzigo unapokelewa ofisi ya basi kesho yake. Nakala zinazobaki nawaachia wauza vitabu wa Posta na wale wanaopanga chini pembeni ya barabara, na nakuhakikishia wale jamaa wanajua wasomaji kuliko mtu yeyote mjini, ukikaa nao nusu saa utajua kava lipi mtu ananyanyua na lipi anapita.

Kuhusu wizi. PDF ya simulizi yangu inazunguka bure, naiona, kuna mara nimetumiwa mwenyewe na mtu asiyejua ni yangu. Inauma, nisiseme uongo. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda toka ulipoandika, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na kusajili COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, kunakupa karatasi ya kushika mkononi siku ya ubishi, kwahiyo sajili. Lakini ulinzi unaofanya kazi kila siku ni ile saa tatu usiku. Anayeiba anapata sehemu zilizopita, hapati ya leo, hapati grupu, hapati kumuuliza mtunzi kwanini umemuua fulani. Watu wanalipia kuwepo.

Kuna jingine limeingia karibuni, simulizi zinazotengenezwa na akili mnemba zinamwagwa kwenye magrupu kwa wingi, kumi kwa siku. Wasomaji wamezishtukia wenyewe bila mimi kusema neno. Mtu wa Temeke kwenye hadithi anaamka anakula vitu ambavyo hajawahi kuviona mtu wa Temeke, mvua inanyesha na hakuna anayewaza Jangwani kumejaa maji. Msomaji mmoja aliandika tu, "huyu hajawahi kupanda daladala", akatoka kwenye grupu lile. Kwa mtunzi wa kweli hii naona ni nafasi, maana kile unachokijua kwa kukaa mahali kimepanda thamani.

Kwanini siandiki kwa Kiingereza? Wanaouliza hili huwa wanamaanisha Amazon. Pale ukiuza kitabu cha elektroniki kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kupata asilimia 70, nje ya hapo ni 35, na kwa macho ni nyingi kuliko chochote utakachopewa na mchapishaji. Lakini unakwenda kusimama kwenye soko lenye mamilioni ya vitabu ambako hakuna anayekujua, wakati nyumbani kuna grupu linakuita dada mtunzi. Siwakatazi, kila mtu na riziki yake. Mimi nimechagua.

Tuzo zipo na uziwanie. Ile ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, inapokea hata mswada ambao haujachapishwa. Na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, mshindi wa kwanza wa riwaya anaondoka na milioni 10. Ningependa sana kuona riwaya ya sayansi inashinda pale na kuingia maktaba za shule. Ila usipange bajeti ya mwaka kwa tuzo.

Na kazi nyingine ninayo, ndiyo, nimejibu. Nahariri za wenzangu, natafsiri, naandika michezo mifupi ya redio. Mwezi mzuri simulizi zinalipa kodi, chakula na ada ya mtoto, mwezi mbaya redio inaziba. Asubuhi kabla ya kelele za mtaa naandika ya kwangu, mchana naandika ya watu, na mpango huo sijauvunja hata njaa ilipobana, kwa sababu ukianza na ya watu asubuhi ya kwako hairudi.

Kwa sasa akili yangu yote iko kwenye sauti. Simulizi za kusikiliza zimeshika YouTube, madereva wa bajaji, mafundi cherehani, kina mama saluni, wanasikiliza mikono ikiwa kazini, na hao ni watu ambao maandishi yangu hayawafikii kabisa. Bi Tatu hawezi kusomwa na mtangazaji wa kawaida, anahitaji mtu wa kule mwenye lafudhi ya visiwani kweli. Nimempata bibi mmoja Kigamboni, mzaliwa wa Kilindoni, nilimsomea kile kipande cha vitumbua akanikatiza katikati akaniambia mama hasemi hivyo, akakisema yeye, na alivyosema ndivyo kitakavyorekodiwa. Tumekubaliana malipo kwa kila sehemu, studio tumepata Tandika, tunaanza mwezi ujao baada ya yeye kurudi kwenye harusi ya mjukuu wake.